Mama mkwe anasema surua haipigwi sindano

Tantine, jambo.

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kizingiti cha mlango, mtoto amelala nyuma yangu, kwa hiyo maneno yakirukaruka unisamehe. Tunakaa Majengo, hapa hapa Goma. Nina watoto watatu: binti wa miaka saba, kijana wa miaka minne, na kitindamimba wa miezi saba ambaye bado ananyonya. Mume wangu ni dereva wa magari makubwa, yuko safarini na simu yake inapatikana usiku tu. Nyumbani niko na mama mkwe.

Jumatatu kijana aliamka na homa, kikohozi na makamasi. Nikasema ni mafua. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo na kila mtoto wa mtaa alikuwa anakohoa. Nikampa parasetamoli, na Jumanne na Jumatano akaenda shule. Jumatano jioni macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyepulizia moto wa kuni mbichi. Yanatoa machozi, na taa ikiwashwa anageukia ukutani. Alhamisi nikampeleka kwenye kituo cha afya. Wakamtoboa kidole, wakasema ni malaria, wakatupa vidonge, tukarudi. Ijumaa asubuhi, nikimvua shati, nikaona vipele nyuma ya masikio. Kufika saa sita vilikuwa uso mzima. Leo Jumapili vimeshuka mpaka magotini.

Mama mkwe alipoviona hakushtuka. Alisema: "Ni surua, kila mtoto anaipitia, wa kwangu wote waliipitia." Amefunga dirisha na kutundika kitenge juu yake. Hataki nimwogeshe. Hataki ale samaki wala nyama, eti vitachochea vipele, kwa hiyo tangu juzi ni chai kavu na mkate kidogo. Anataka kumdondoshea machoni maji ya majani aliyoyatwanga mwenyewe. Na zaidi ya yote hataki asikie neno hospitali. Anasema surua haipigwi sindano. Ukimpiga sindano mtoto mwenye surua, vipele vinarudi ndani, vinakamata moyo, na mtoto anakwisha. Anasema alimzika mmoja hivyo, kabla mume wangu hajazaliwa. Tangu jana usiku kijana anahema harakaharaka kama aliyetoka kukimbia, lakini mama mkwe anasema ni joto la homa tu, vipele vikimalizika kutoka atatulia.

Jirani naye amewaita watoto wake ndani. Anasema hiyo si surua, ni mpox, na tangu hapo hanisalimii. Mama mkwe ananiambia nisitoe siri ya nyumba, watu watasema tumelogwa.

Niongeze hili: wiki mbili zilizopita kijana alienda Sake na nyanya yake kwenye matanga, wakalala siku tatu. Kulikuwa na mtoto wa wifi yangu mwenye macho mekundu na kikohozi, wakasema ni moshi wa jikoni. Baadaye tukasikia naye ametoka vipele.

Chanjo ya miezi tisa alipata, hilo nakumbuka vizuri kwa sababu alilia mpaka nyumbani. Ya baadaye sikumbuki, na karatasi yake ilipotea siku tulipokimbia. Mdogo wake bado hajafikisha miezi tisa.

Tantine, nimpeleke au nisubiri vipele viishe? Nikimpeleka bila ruhusa na mabaya yakatokea, nitaishi wapi katika nyumba ile? Na huyu mdogo nimfanyeje?

Mama wa watatu, Majengo

*

Mama wa watatu, jambo sana, na pole.

Jibu lako ulilipata Jumapili ile ile kwa ujumbe, maana barua kama yako haisubiri zamu yake. Lilikuwa fupi: mbebe, toka sasa hivi, usisubiri Jumatatu. Haya ninayoandika leo nayaandika kwa ruhusa yako, kwa ajili ya mama wengine ambao watoto wao wanakohoa wiki hii.

Kwanza niseme ni nini kilichonifanya nikuandikie kabla hata sijamaliza kusoma. Umeeleza vipele kwa mistari mingi: vilianzia wapi, vikafika wapi, saa ngapi. Kisha katikati ukatupia maneno machache kuhusu kuhema, ukaendelea na jirani. Nimefanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye kiti hiki cha kujibu barua, na nakuambia, mama wengi wanafanya hivyo hivyo. Vipele vinaonekana, kwa hiyo tunavitazama. Lakini vipele vya surua haviui mtu. Kinachoua ni yale yanayokuja nyuma yake: nimonia, kuhara kunakomaliza maji mwilini, na wakati mwingine ubongo kuvimba. Nimonia ndiyo inayoondoka na watoto wengi zaidi. Inaingia kimya, mara nyingi wakati nyumba nzima imeanza kupumua kwa sababu "surua imeshatoka".

Ndiyo maana nilikuomba ufanye jambo moja kabla ya kufunga kitenge. Umwache mtoto atulie, umfunue kifua, uweke saa ya simu, uhesabu kifua kinavyopanda kwa dakika moja kamili. Dakika nzima, maana ukihesabu nusu na kuzidisha, mtoto anaweza kukudanganya. Mtoto wa mwaka mmoja mpaka mitano akifikisha pumzi 40 au zaidi kwa dakika hali ametulia, hiyo ni nyingi mno. Kwa mwenye miezi miwili mpaka kumi na moja, mpaka ni 50. Uliniandikia 54. Ukaongeza kwamba akivuta hewa, chini ya mbavu panabonyea ndani. Hapo hapakuwa tena na mjadala wa surua ni nini au mama mkwe atasema nini.

Sasa turudi nyuma, kwa sababu ugonjwa huu ulikuwa umeshakuonyesha uso wake siku nne kabla ya vipele, na si wewe tu uliyeupita.

Surua, ile ambayo kwenye karatasi za hospitali utaona imeandikwa rougeole, huanza kama mafua. Homa, makamasi, kikohozi. Hapa Goma, kwa mvua zetu na vumbi la mawe ya volkeno, nani atamkimbiza mtoto kwa daktari kwa sababu ya makamasi? Sikulaumu. Kinachotenganisha ni macho. Mafua ya kawaida hayampi mtoto macho mekundu yanayochuruzika na kukimbia mwanga, huku homa inazidi kupanda siku hadi siku badala ya kushuka. Homa, kikohozi na macho ya namna hiyo vikikutana, fungua mdomo wa mtoto karibu na dirisha, vuta shavu kwa kidole, utazame upande wa ndani karibu na magego. Siku moja au mbili kabla ya vipele kutoka, mara nyingi utaona vidoa vyeupe vidogo sana, kama mtu amenyunyiza chumvi juu ya nyama nyekundu. Ukiviona hivyo, huhitaji kusubiri ngozi ikuambie. Lakini usipoviona usijifariji, havionekani kwa kila mtoto na huwa havikai.

Kuhusu ngozi, kuna jambo ambalo vitabu vingi havituambii vizuri, kwa sababu picha zake ni za watoto weupe. Vinaandika "vipele vyekundu". Kwa mtoto wetu wekundu huo unaweza usiuone kabisa. Pitisha kiganja chako kwenye paji la uso na nyuma ya masikio: utasikia ngozi imekuwa kama mchanga laini. Mwinamishe upande wa mwanga, utaona uso umeumuka. Vinaanzia juu, usoni na nyuma ya masikio, vinashuka shingoni, kifuani, mikononi, vinamalizia miguuni kwa siku tatu hivi, kama maji yaliyomwagwa kichwani. Baadaye ngozi inakuwa nyeusi zaidi na kubambuka kama maganda. Havina maji ndani.

Hilo la maji ndilo linalomjibu jirani yako. Sitamcheka, ameogopa kwa sababu. Mpox tuliishuhudia. Mwishoni mwa 2023 aina mpya ilijitokeza Kamituga, kule Kivu Kusini, 2024 ikafika kwenye kambi zilizouzunguka mji huu, na Agosti 14 mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaitangaza kuwa dharura ya kimataifa. Lakini mpox inatoa malengelenge magumu, yenye mizizi, ambayo baadaye yanajaa usaha na kufanya magamba. Yanapenda uso, viganja na nyayo, na mara nyingi mitoki inavimba shingoni au kwenye kinena. Tetekuwanga nayo ina malengelenge, ila ni mepesi, yanawasha sana, yanaanza zaidi kifuani na mgongoni, na siku moja utakuta mengine ndiyo yanatoka na mengine yameshakauka. Hata hivyo sitaki mama yeyote akae nyumbani akifanya mtihani huu peke yake. Homa na vipele kwa pamoja ni safari ya kituo cha afya, jina watalitafuta wao.

Na kituo chenyewe? Uliandika kwa upole kwamba walimtoboa kidole wakasema malaria. Kile kipimo huenda hakikudanganya. Kiliulizwa swali moja, kikajibu swali hilo moja. Mtoto wa kwetu anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu na surua kwenye mapafu siku hiyo hiyo. Kosa ni kufunga daftari baada ya jibu la kwanza, wakati macho ya mtoto yanachuruzika mbele yako. Kwa hiyo mama, ukiwa pale, sema wewe. Sema: "Ana homa siku ya nne, anakohoa, macho yamekuwa mekundu, na wiki mbili zilizopita alilala na mtoto aliyetoka vipele." Sentensi hiyo ya mwisho inafanya kazi kuliko kipimo. Mtoto akipata virusi leo, homa inakuja baada ya siku kama kumi, na vipele baada ya kama kumi na nne. Ukihesabu kurudi nyuma kutoka Ijumaa yako, unaangukia moja kwa moja kwenye matanga ya Sake. Moshi wa jikoni haukuwa na hatia.

Nilikusisitizia pia kwamba ukifika usiende kukaa kwenye benchi la kusubiria. Msimamishe motari, yule wa pikipiki, nje, mtume mtu aseme mlangoni kwamba una mtoto mwenye dalili za surua, mpewe pa kukaa pembeni. Virusi vya surua vinabaki hewani mpaka saa mbili baada ya mgonjwa kuondoka chumbani. Kati ya watu kumi wasio na kinga wanaokaa karibu na mgonjwa, tisa wataipata. Sijui ugonjwa mwingine wa watoto wenye mbio hizo. Benchi la kina mama wanaopimisha watoto uzito ndipo mahali pabaya kuliko pote pa kukaa na mtoto wa namna hii.

Sasa mama mkwe. Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu wengi walionisomea barua yako waliguna, nami sikuguna.

Mama yule amezika mtoto. Hebu fikiria ilivyokuwa. Mtoto ana surua. Wanamweka gizani kama walivyofundishwa, wanasubiri vipele vitoke vyote. Siku ya sita au ya saba anaanza kuhema vibaya. Wanamkimbiza kwa mganga wa dispanseri, amechelewa, mapafu yameshajaa. Mganga anampiga sindano, kwa sababu ndiyo aliyonayo. Usiku mtoto anakufa. Nani katika nyumba ile angesema ni nimonia? Walichokiona kwa macho yao ni sindano kisha kifo, na vipele ambavyo kwa kawaida hufifia siku hizo vikawa vimefifia, "vimerudi ndani". Imani hii nimeikuta Goma, nimeikuta Masisi, nimeikuta kwa watu waliosoma. Haikuzuka kwa ujinga. Ilizuka makaburini, kwa kuunganisha mambo mawili yaliyofuatana. Kwa hiyo usimwambie mama mkwe kwamba hajui kitu. Anajua surua inaua, na pengine analijua hilo kuliko wewe. Alichokosea ni saa tu: sindano ililaumiwa kwa kosa la kuchelewa.

Nilikushauri umwambie hivi: "Mama, yule mlimpeleka mwishoni. Huyu tumpeleke mapema, na uje nami uone kila wanachomfanyia." Ukaniandikia kwamba alinyamaza muda mrefu, kisha akaenda kuchukua kitenge chake. Hukuomba ruhusa, ulimwomba akusindikize, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kuhusu mume, ujumbe wa sauti unatosha. Atausikia akipata mtandao. Mtoto akihema 54 hakuna baba mwenye akili atakayeuliza kwa nini hukumsubiri.

Yale mengine ya nyumbani niyapitie haraka. Dirisha lifunguliwe, ukitaka kumpunguzia mwanga machoni, kitenge chepesi kinatosha, hewa ipite. Aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu. Samaki, yai, maharage, vyote ale. Surua inakula mwili wa mtoto kutoka ndani, na kumnyima sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, wiki ambayo anawahitaji kuliko wiki nyingine yoyote ni kuusaidia ugonjwa. Mdomo ukiwa na vidonda, uji uliopoa, kidogo kidogo, mara nyingi. Akihara, serumu ya kunywa ya pakiti, ile ORS. Parasetamoli kwa homa, aspirini hapana.

Maji ya majani machoni, hapo nasema hapana kwa sauti. Surua yenyewe inaweza kupofusha mtoto, hasa mwenye upungufu wa vitamini A, kwa sababu kioo cha jicho kinakauka na kuchubuka. Ukidondoshea majani yaliyotwangwa juu ya jicho la namna hiyo unaingiza vijidudu kwenye kidonda. Nimewaona watoto walioshinda surua wakashindwa na dawa ya macho. Safisha kwa kitambaa safi na maji yaliyochemshwa yakapoa, basi.

Vitamini A ndiyo dawa ambayo lazima uiulize, maana inasahaulika. Hakuna dawa inayoua virusi vya surua. Zile za kuua bakteria zinatolewa kwa ajili ya nimonia au sikio linalotoa usaha. Lakini vitamini A inapunguza upofu na vifo, na kila mtoto mwenye surua anatakiwa kuipata mara mbili, leo na kesho. Mwenye mwaka mmoja na zaidi anapewa yuniti 200,000 kila mara, wa miezi sita mpaka kumi na moja anapewa 100,000. Wakiona dalili machoni wanaongeza ya tatu wiki kadhaa baadaye. Usiinunue sokoni ukampimia mwenyewe. Ikizidi ina madhara. Uliza tu: "Amepata vitamini A? Ya pili nirudi lini?"

Uliuliza pia, kwa ujumbe wa pili, kwa nini aliugua ikiwa alichanjwa. Chanjo ya miezi tisa inashika kwa watoto kama 85 kati ya 100. Wale 15 wanaobaki si kwamba mama zao walifanya kosa, mwili wao haukujifunza mara ya kwanza. Dozi ya pili ipo kwa ajili yao. Kwenye karatasi ya chanjo tafuta herufi VAR, ndiyo chanjo ya surua kwa kifupi cha Kifaransa, na uangalie zimeandikwa mara ngapi. Karatasi ikipotea, au kampeni ikipita mtaani nawe huna hakika, achanjwe tu. Dozi ya ziada haimdhuru. Na chanjo hii hailipwi.

Na wa miezi saba? Hapa nitakuambia ukweli usiopendeza. Chanjo inaweza kumkinga mtu aliyekwisha kukutana na surua, ikiwa atachomwa ndani ya saa 72 tangu akutane nayo. Tatizo ni kwamba mgonjwa anaambukiza siku nne kabla ya vipele kutoka mpaka siku nne baada yake. Kijana wako alianza kumkoholea mdogo wake tangu Jumatatu. Siku ulipoviona vipele, saa 72 zilikuwa zimeshapita. Ndani ya nyumba moja karibu kila mara tunachelewa, na ndiyo sababu inayonifanya nipige kelele kuhusu macho na mashavu. Hata hivyo ulifanya vizuri kumpeleka. Kunapokuwa na mlipuko, watoto wanaweza kuchanjwa tangu miezi sita. Dozi hiyo haihesabiwi, akifika miezi tisa anaanza upya. Endelea kumnyonyesha. Na uweke alama kwenye kalenda: kuanzia siku ya kumi baada ya Jumatatu ile, mpime joto asubuhi na jioni. Akipata homa, hatusemi mafua.

Uliniandikia pia kwamba uliogopa kumwambia mwalimu. Mwambie, na leo. Kijana alikaa darasani siku mbili akiwa katika kilele cha kuambukiza, na kuna mama wengine ambao wiki ijayo wataona makamasi na kusema ni mvua. Jirani naye mwambie mwenyewe mlangoni kwake, umtajie jina la ugonjwa, umuulize watoto wake walichanjwa mara ngapi. Aliyefunga mlango kwa hofu ya mpox ataufungua kwa surua? Labda hapana. Lakini atatafuta karatasi za chanjo usiku huo huo, nina hakika. Pia kuna yule mhamasishaji wa afya wa mtaa, tunayemwita reko. Akijua yeye, zoni ya afya inajua.

Mama yangu alikuwa akisema surua haitajwi jina ndani ya nyumba. Nafikiri siku hizi tumegeuza: tunaitaja kirahisi mno, kama jino la maziwa. Mnakumbuka 2019 hapa Goma? Kila mlango ulikuwa na ndoo ya maji ya klorini, tunapimwa joto kwenye paji la uso mpaka kanisani, kwa sababu ya Ebola. Ebola ile, iliyoanza Agosti 2018 na kwisha Juni 2020, iliua watu zaidi ya 2,200 katika upande wetu huu wa mashariki. Katika kipindi hicho hicho surua iliua zaidi ya 7,000 katika nchi nzima, wengi wakiwa watoto wa chini ya miaka mitano. Nilikuwa kazini wakati huo. Ebola iliwekewa ndoo. Surua iliambiwa "kila mtoto anaipitia".

Niongeze magonjwa mengine machache, maana barua za homa zimejaa mezani. Kifaduro kwa mtoto mchanga hakina ule mlio wa jogoo mnaousubiri. Mchanga anakohoa mpaka anageuka rangi, au anaacha kupumua kidogo, basi. Homa yenye shingo ngumu, au utosi uliovimba kwa mchanga, ni homa ya uti wa mgongo mpaka ithibitike vinginevyo. Utando wa kijivu kooni na shingo iliyovimba, dondakoo. Mguu au mkono uliolegea ghafla kwa mtoto aliyekuwa anatembea jana, hata kama hauumi, mpeleke kituoni siku hiyo hiyo, watataka kuthibitisha kama ni polio. Na ugonjwa uwe wowote, mtoto asiyeweza kunywa wala kunyonya, anayetapika kila kitu, aliyeshikwa na degedege, au anayelala usingizi usioamshika, huyo haulizwi hata jina. Anabebwa.

Nimalizie na habari ulizonipa juzi, kwa kuwa wasomaji watauliza. Kijana alikutwa na nimonia, akalazwa, akapigwa sindano mbele ya nyanya yake. Usiku wa pili muuguzi alikuwa na wagonjwa wengi, na mama mkwe ndiye aliyekaa na mtoto. Aliomba umwekee saa ya simu ilie baada ya dakika moja, akawa anahamisha punje ya maharage kutoka mkono mmoja kwenda mwingine kwa kila pumzi. Asubuhi alikuonyesha mkono wake: 36.

Mmerudi nyumbani, vizuri. Kinga ya mwili ya mtoto aliyetoka kwenye surua inabaki dhaifu kwa miezi, kwa hiyo kikohozi au kuhara kwake kwa sasa usikipe siku tatu za kusubiri kama ulivyozoea. Mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki kadhaa. Na jioni, giza linapoanza kuingia, mtazame anavyotembea ndani. Akianza kujigonga kwenye viti alivyokuwa akivikwepa zamani, mrudishe siku hiyo hiyo uwaambie haoni vizuri jioni. Watajua ni vitamini A.